Mzee Akiomba Kura Tena
Mazungumzo ya Tume ya Haki na Amani kwa viongozi walei



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wajumbe wa halmashauri za walei, makatekista, na ninyi nyote mliofika katika semina hii: tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo kwa desturi yetu husemwa kwa sauti ya chini. Kiongozi wa nchi anapokuwa mzee wa miaka mingi, kisha akasimama tena kuomba kura, Mkristo afikirije? Je, ni halali kumwambia, “Mzee wetu, umefanya kazi, sasa pumzika”? Au kusema hivyo ni kuivunja amri ya nne ya Mungu, inayotutaka tuwaheshimu baba na mama?

Tulipopokea mwaliko huu tulikaa jioni mbili, sisi wajumbe wa Tume, na hatukukubaliana. Baadhi yetu walishika kwamba umri peke yake unatosha kuwa hoja: dereva wa basi akizeeka hupokonywa usukani, kwa nini dereva wa taifa aachiwe? Wengine walijibu kwamba basi na taifa si kitu kimoja, na kwamba mzee mwenye busara ni bora kuliko kijana mwenye tamaa. Haya tutakayoyasema leo ni yale tuliyoyafikia baada ya kuacha kubishana juu ya hesabu ya miaka.

Tuanze na amri ya nne. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, wala hawakukosea. Katika Injili ya Luka, waliomtambua Mtoto Yesu hekaluni hawakuwa walimu wa Sheria, bali Simeoni na nabii Ana, mjane wa miaka 84. Konrad Adenauer, Mkatoliki aliyeiongoza Ujerumani ya Magharibi katika kujijenga upya baada ya vita, alishika madaraka mwaka 1949 akiwa na miaka 73, akayaacha mwaka 1963 akiwa na miaka 87. Nelson Mandela alipoapishwa tarehe 10 Mei 1994 alikuwa na miaka 75. Nani angemwambia kwamba amechelewa? Alitawala kipindi kimoja, akaondoka mwaka 1999 hali katiba ilimruhusu kuomba cha pili. Kwa hiyo anayesimama jukwaani na kumcheka mgombea kwa sababu ya mvi zake, au mkongojo wake, hatetei haki ya mtu yeyote. Nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu haina haja ya kufundishwa dharau zaidi kwa wazee.

Hata hivyo, Kanisa lenyewe, linalohubiri heshima kwa wazee, limejiwekea mipaka. Kanuni ya 401 ya Sheria za Kanisa inamtaka askofu wa jimbo atoe ombi la kujiuzulu anapotimiza miaka 75. Kanuni ya 538 inasema vivyo hivyo juu ya paroko. Tangu tarehe 1 Januari 1971, kardinali aliyetimiza miaka 80 haingii katika uchaguzi wa Baba Mtakatifu. Hakuna anayeona kwamba kwa sheria hizo Kanisa limewatukana wazee wake. Tuangalie pia namna sheria hiyo inavyofanya kazi: askofu haamui peke yake kama bado ana nguvu. Anaandika barua, barua inakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine anaweza kuipokea mara moja au kumwomba aendelee kwa muda. Anayezeeka si hakimu wa uzee wake mwenyewe.

Tunajua swali litakalofuata, maana liliulizwa hata kati yetu. Mbona Papa Yohane Paulo II aliendelea katika ugonjwa wake mpaka kufa tarehe 2 Aprili 2005, na Papa Benedikto XVI akatangaza kung'atuka tarehe 11 Februari 2013, akiwa na miaka 85, akisema nguvu zake hazitoshi tena? Ni yupi aliyefanya vema? Sisi tunaamini kwamba wote wawili walifuata dhamiri iliyonyoka. Papa hana mkubwa wa kumpelekea barua hapa duniani. Lakini rais anao wakubwa, nao ni ninyi. Kila baada ya miaka kadhaa anakuja kwenu kuwaomba kazi, na mwombwaji ana haki ya kuuliza kama mwombaji anaiweza.

Katiba za nchi nyingi hutaja umri wa chini tu. Ya Tanzania inataka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, wala haina kikomo cha juu. Uganda ilikuwa nacho, miaka 75, mpaka Bunge lilipokiondoa Desemba 2017, na kwa njia hiyo Rais aliyekuwapo, aliyezaliwa mwaka 1944, akaweza kugombea tena mwaka 2021. Kuna watu wema wanaosema kikomo cha namna hiyo ni ubaguzi. Pengine. Lakini sheria iliyotungwa mapema, kabla haijamgusa mtu yeyote, ina hadhi yake. Sheria inayobadilishwa siku ileile inapomfikia mwenye enzi haiwezi kuitwa mabadiliko ya katiba kwa maana kamili ya neno hilo.

Sasa tuvuke ziwa. Tumeichagua Malawi kwa sababu ni jirani yetu, ziwa letu ni moja, na kwa sababu huko Kanisa lilihusika kwa namna ambayo kila Tume ya Haki na Amani ingepaswa kuijua.

Dakta Hastings Kamuzu Banda aliiongoza Malawi kupata uhuru mwaka 1964, na mwaka 1971 akafanywa rais wa maisha. Umri wake halisi haukujulikana kwa hakika; ulikuwa jambo la kunong'onezana. Kwa hiyo katika Malawi swali letu la leo halikuwapo kabisa. Rais wa maisha haombi kura tena. Chama kilikuwa kimoja, na pasipo kadi ya chama mtu aliweza kuzuiwa kupanda basi au kuingia sokoni. Kuzungumzia nani atakayemrithi mzee kulikuwa ni hatari. Mwaka 1983 mawaziri watatu na mbunge mmoja walikufa huko Mwanza ya Malawi, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Tume iliyoundwa baada ya utawala ule kuondoka ilieleza kwamba waliuawa na polisi. Dakta Banda alishtakiwa kwa ajili ya vifo hivyo, na mwaka 1995 mahakama ikamwona hana hatia. Tunataja hukumu hiyo kwa sababu haki inamhusu hata yule tuliyemwogopa.

Tarehe 8 Machi 1992, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, waraka wa kichungaji wa maaskofu saba wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre ulisomwa katika makanisa yote ya Kikatoliki ya Malawi. Siku hizi waraka huo husimuliwa kana kwamba ulimwambia Rais mzee aondoke. Haukusema hivyo. Haukutaja umri wake, wala haukudai vyama vingi. Ulisema juu ya hadhi ya binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, kisha ukataja shule zilizojaa kupita kiasi, hospitali zisizotosha, pengo kati ya matajiri wachache na maskini wengi, na watu wanaoogopa kusema ukweli kwa sababu hawajui ni nani anayewasikiliza. Basi. Lakini serikali ikautangaza kuwa maandishi ya uchochezi, maaskofu wakaitwa na kuhojiwa na polisi, na Monsinyori John Roche, aliyekuwa msimamizi wa jimbo la Mzuzu, akafukuzwa nchini. Katika mikutano ya chama ilizungumzwa waziwazi kwamba maaskofu hao wauawe.

Kwa nini waraka usiomtaja mtu uliwatisha wenye nguvu namna hiyo? Hapa ndipo palipotufanya tuache kuhesabu miaka. Maaskofu walikuwa wamegusa kitu ambacho utawala ule ulikitegemea kuliko afya ya mzee, nacho ni ukimya wa waliomzunguka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mgema anayesifiwa kwa miaka 28 mfululizo, hata akitaka kuionja tembo yake mwenyewe, nani atampa kata?

Mengine yalikwenda kasi. Wanafunzi waliandamana, wafanyakazi wakagoma, makanisa mengine yakaungana na Wakatoliki, wafadhili wakazuia misaada. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakataka vyama vingi. Miezi minne baadaye Dakta Banda akapelekwa Afrika ya Kusini kupasuliwa ubongo. Baraza la watu watatu likashika mahali pake, na Bunge likaufuta urais wa maisha. Ungetazamia mzee sasa apumzike. Hakupumzika. Kabla ya mwaka kwisha alirudi kazini, na tarehe 17 Mei 1994 akasimama mbele ya wapiga kura kuomba kazi aliyokwisha kupewa kwa maisha yote. Walimpa takriban asilimia 33. Bakili Muluzi alipata asilimia 47 na kuwa Rais. Dakta Banda alikubali kushindwa, jambo ambalo wengi hawakulitarajia, na alifariki tarehe 25 Novemba 1997.

Kama tungeishia hapo, wale wenzetu waliosema umri unatosha kuwa hoja wangekuwa wameshinda. Lakini Malawi haikuishia hapo. Mwaka 2002 Muluzi huyohuyo, ambaye hakuwa amefikia hata miaka 60, alitaka kikomo cha vipindi kiondolewe katika katiba ili aendelee. Makanisa yakapinga tena, na muswada ukaanguka bungeni kwa kura chache sana. Huyo hakuwa mzee. Tamaa ya kutoondoka haina mvi.

Kisha tarehe 16 Septemba 2025 wananchi wa nchi hiyohiyo walikwenda tena kupiga kura. Rais aliyekuwa madarakani, Lazarus Chakwera, mchungaji wa Kiprotestanti, alikuwa na miaka 70. Mpinzani wake mkuu, Peter Mutharika, aliyekwisha kuwa Rais tangu 2014 hadi 2020, alikuwa na miaka 85. Wapo waliohoji afya yake, na katika kampeni hakuonekana hadharani mara nyingi. Akashinda kwa takriban asilimia 57. Watu walikuwa wamechoshwa na bei za vyakula, uhaba wa mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni, wakaamua kumrudisha mzee. Chakwera alikiri kushindwa hata kabla ya matokeo kutangazwa rasmi. Hatukusanyika hapa kusema kama Wamalawi walichagua vema. Linalotushangaza na kutufurahisha ni hili: watu waliomwondoa mzee mmoja mwaka 1994 walimchagua mzee mwingine mwaka 2025, na mara zote mbili ilikuwa ni kura yao wenyewe.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba Kanisa linauthamini mfumo wa kidemokrasia kwa kuwa unawawezesha wananchi kuwachagua viongozi wao, kuwataka watoe hesabu, na kuwabadilisha kwa amani inapobidi. Angalieni neno la mwisho. Kuchagua bila uwezo wa kubadilisha ni nusu ya haki tu.

Nusu hiyo tuliiona Kameruni mwaka uleule wa 2025. Rais Paul Biya, aliyezaliwa tarehe 13 Februari 1933, amekuwa madarakani tangu tarehe 6 Novemba 1982. Raia wengi wa nchi ile hawajapata kumjua rais mwingine. Kikomo cha vipindi kiliondolewa mwaka 2008. Mwishoni mwa mwaka 2024 Askofu Mkuu Samuel Kleda wa Douala alisema hadharani kwamba kwa mzee wa umri ule kugombea tena si jambo linaloingia akilini, na maaskofu wengine nao wakasema, baadhi kwa maneno makali kuliko yale ambayo sisi tungeyashauri. Julai 2025 Rais alitangaza kwamba atagombea, akiwa na miaka 92. Mpinzani mmoja mashuhuri, Maurice Kamto, aliondolewa katika orodha ya wagombea. Uchaguzi ulifanyika tarehe 12 Oktoba, na tarehe 27 Rais akatangazwa mshindi kwa asilimia 53 na sehemu. Wapinzani walikataa matokeo, watu wakaingia barabarani, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Ni katika mji mkuu wa nchi hiyo, Yaoundé, ndipo Yohane Paulo II alipotia sahihi hati ya Ecclesia in Africa tarehe 14 Septemba 1995, hati inayotamani Afrika ipate wanasiasa na wakuu wa nchi watakatifu. Rais alikuwa huyuhuyu.

Mzee wa Malawi na mzee wa Kameruni wametofautiana kwa miaka saba tu. Lakini Mmalawi aliyempinga Mutharika alijua kwamba kura yake itahesabiwa, na kwamba asubuhi atakwenda shambani kama kawaida.

Lipo jambo moja zaidi, na hili linawahusu watu wa karibu na mzee kuliko mzee mwenyewe. Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinaanza na mfalme Daudi akiwa mzee sana, anafunikwa nguo wala hapati joto. Wakati huohuo mwanawe Adonia anajitangaza kuwa mfalme, akiwa na jemadari Yoabu na kuhani Abiathari upande wake. Karamu inaliwa, watu wanashangilia, na Daudi hana habari. Yule aliyewahi kujua kila kitu anapata habari za ufalme wake kutoka kwa Bathsheba na nabii Nathani. Twajiuliza: kama Nathani naye angeamua kwamba ni utovu wa adabu kumsumbua mzee kitandani, nani angetawala Israeli kwa jina la Daudi?

Hatari hiyo haiko Afrika peke yake. Marekani mwaka 2024, Rais Joe Biden, Mkatoliki, alikuwa akiomba kipindi cha pili akiwa na miaka 81. Wengi wa chama chake walinyamaza hadharani. Mdahalo wa televisheni wa tarehe 27 Juni uliwafungua vinywa, na tarehe 21 Julai akajiondoa, miezi mitatu na nusu tu kabla ya uchaguzi. (Aliyeshinda uchaguzi ule, Donald Trump, alikuwa na miaka 78, wenye kutaka kikomo cha umri na walitafakari hilo pia.) Ukimya wa marafiki ulimnyima mzee nafasi ya kuondoka mapema kwa heshima, ukawanyima wananchi muda wa kuchagua vizuri.

Yupo pia mzee mwingine katika Maandiko, ambaye hatumsikii mara nyingi katika mahubiri. Ni Barzilai Mgileadi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 19. Alimlisha Daudi wakati wa taabu, na Daudi aliporudi katika ufalme alimwalika aende kuishi naye Yerusalemu. Barzilai akakataa. Alisema ana miaka 80, ulimi wake hauonji tena vizuri, masikio yake hayasikii sauti za waimbaji, kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Akaomba arudi kufia mjini kwake, na badala yake akamtoa Kimhamu aende. Hakufukuzwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi, naye akampitisha mdogo wake kwa umri.

Sisi tunaosema Kiswahili tunalo neno la tendo hilo, kung'atuka, ambalo Mwalimu Julius Nyerere alilitoa katika lugha yake ya Kizanaki. Alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi Novemba 1985, akiwa na miaka 63, akabaki mwenyekiti wa chama hadi 1990. Wapo wanaosema miaka ile mitano ilikuwa ni kuondoka nusu. Huenda. Lakini aliyemfuata alikuwa ametawala huku yeye yuko hai, anaonekana, na anaweza kuulizwa.

Basi ninyi viongozi mfanye nini mtakaporudi katika vigango vyenu? Msitaje jina la mgombea katika sala za waamini kana kwamba Mungu ni wakala wa kituo. Altare si jukwaa. Lakini katika jumuiya, baada ya kusoma Neno, mnaweza kuuliza bila woga: huyu anayetuomba kura, mzee au kijana, anaifanya kazi mwenyewe au inafanywa na wengine kwa jina lake? Je, yuko mtu karibu naye anayeweza kumwambia hapana akalala salama usiku ule? Na tukimkataa, ataondoka? Mgombea wa miaka 85 anaweza kuyapita maswali hayo, na wa miaka 50 akakwama.

Tena tuyaulize nyumbani kwetu kwanza. Nani kati yetu hajamwona mwenyekiti wa kigango aliyekaa miaka 18, anayeondoka na daftari la michango chini ya kwapa, na kila uchaguzi watu wanapiga makofi kwa sababu ni aibu kumpinga mzee aliyejenga kanisa? Tukicheka hapa ni kwa kuwa kila mmoja ana sura ya mtu fulani kichwani. Pengine sura hiyo ni yake mwenyewe.

Sasa tutagawanyika katika vikundi vinne. Kila kikundi kisome 2 Samweli 19, aya ya 31 hadi 40, kisha kijadili ni nafasi gani katika parokia yake haijapata mtu mpya kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa nini. Makatibu waandike majibu jinsi yalivyotolewa, bila majina. Tutakutana tena hapa baada ya chakula.